Dishi la Zahanati na Mikorosho ya Dada

Siku waliyokuja kuling'oa dishi la zahanati yetu, nilitoka msikitini asubuhi nikaenda moja kwa moja kukaa juu ya boksi la betri. Boksi lile ndilo linalolipatia dishi umeme, na ngazi haiwezi kuegeshwa ukutani mpaka lisogezwe. Nilikuwa na tasbihi mkononi na chupa ya chai ya tangawizi. Nilinuia kukaa hapo mpaka adhuhuri, niende kuswali, kisha nirudi nikae tena.

Mimi si mtu wa ugomvi. Umri wangu wote nimefundisha Kurani, na watu wazima wengi wa kijiji hiki walianzia alifu mbele yangu. Nimewafundisha subira, na Mwenyezi Mungu amenipa sehemu yangu ya subira, namshukuru. Lakini kuna wanaodhani subira ni kuinuka kila unapoambiwa inuka. Ipo pia subira ya kubaki umekaa.

Kijiji chetu kimejificha ndani kidogo, ukiiacha barabara kuu upande wa Miteja. Mvua zikikolea, mto hujaa na njia hukatika, na anayeumwa hubaki na muuguzi wetu na rehema ya Mungu. Dishi lilipofungwa juu ya paa la zahanati, jeupe, upana wake kama sinia la harusi, likiutazama mnara ulio mbali juu ya kilima, muuguzi aliweza kumwonyesha daktari wa hospitali ya wilaya picha ya mgonjwa na kuuliza afanye nini. Wengi walinufaika. Aliyelihitaji kuliko wote alikuwa dada yangu.

Dada ni mkubwa wangu kwa tumbo moja. Ana kisukari, na mwaka ule alikuwa na kidonda chini ya mguu wa kulia. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba kidonda kile kikichelewa kuonekana wakati kinageuka, mguu utakatwa. Basi kila Jumatatu muuguzi alikisafisha, akakipiga picha, akaituma. Daktari akajibu: endelea hivyo hivyo, au badilisha dawa. Kwa hiyo waliosema wanakuja kuchukua dishi, mimi niliwasikia wakisema wanakuja kuchukua mguu wa dada yangu.

Kabla ya dishi tulikuwa na redio ya upepo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiishika. Hewa ikiwa safi nilisoma mahitaji yote ya zahanati kwa pumzi moja: dawa za malaria, pamba, glovu, mafuta ya taa ya jokofu la chanjo. Wa upande wa pili akajibu, "Nimekupata," tukaagana. Hewa ikichafuka, redio ikachacharika kama samaki kwenye mafuta, nilikatakata maneno. "Pamba. Narudia, pamba. Umepata?" "Nimepata pamba." Ndipo niende kwenye glovu. Kulikuwa na siku nilitamka herufi moja moja, na jina la dawa moja likachukua muda wa kusonga ugali. Lakini lilifika. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa hewa ya leo ni mbaya, basi tuing'oe redio.

Nikitoka hapo nilikwenda chuoni kwangu, kusomesha watoto Kurani. Mtoto mwepesi nilimpa aya nzima, akairudisha. Mtoto mzito nilimpa neno moja, akalirudisha, tukaliunga na la pili. Sikwenda mbele mpaka kirudi nilichokitoa. Kazi hizi mbili nilizifanya kwa mdomo huu mmoja kwa miaka mingi, wala sikuwahi kuona kwamba ni kazi moja. Ilibidi nionyeshwe, tena na mtu niliyemwendea nikidhani mimi ndiye mwenye la kumwambia.

Dishi lilifungwa kiangazi na likafanya kazi vizuri. Mvua zilipoanza, mambo yakageuka. Kati ya zahanati na mnara kuna mwinuko, na juu ya mwinuko ule imesimama mikorosho minne mikubwa. Majani yake yalipolowa na upepo ukayatikisa, mtandao ulikatika. Haukupungua nguvu, ulikatika kabisa, ukarudi, ukakatika. Jumatatu mbili zilipita picha ya mguu haijaenda.

Kampuni iliyofunga vyombo ikamtuma fundi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa uwanda wa Wamakonde, Mkristo, lakini lugha yake ilikuwa imeshaoga Dar es Salaam. Kwa kuwa watu wa kwao na wa kwetu ni watani, alipomaliza kuniamkia tu nilimuuliza kama huko kwao wameshaanza kuvaa viatu. Akanijibu kwamba viatu wanavyo, walitukuta sisi wa pwani tumelala wakavichukua. Tukaelewana.

Alipanda juu ya paa, akashuka, akafungua kompyuta yake. "Shehe, inazingua ile miti," akasema. "Ikatwe, au chombo kihamishiwe kijiji kingine. Ndiyo amri niliyopewa."

"Mlingoti wa dishi hauwezi kurefushwa?"

"Nimeomba. Wamekataa."

Akaniletea karatasi ya kuruhusu miti kukatwa, kwa sababu aliambiwa shamba lile la mwinukoni ni langu. Nikasaini. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe mtu wa kwetu ataliona mara moja. Shamba ni langu, lakini miti si yangu. Baba yetu alipofariki na mirathi ikagawanywa, dada alisema ardhi nichukue mimi, yeye apewe mikorosho iliyosimama juu ya mwinuko. Huku kwetu mtu humiliki mti juu ya ardhi ya mwingine, na hakuna anayeona ajabu. Nilijua hivyo siku ile kama ninavyojua leo. Nilisaini kwa sababu niliuona mguu wake kuliko nilivyomwona yeye, nikadhani atakubali bila kuulizwa.

Nilimkuta uani kwake, ameunyoosha mguu wenye bendeji juu ya kigoda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Una sura ya mtu aliyevunja chungu. Sema."

Nikamweleza. Nikaongeza, kwa sauti ile ya mimbarini ambayo sisi walimu huitumia tukiwa hatuna hakika, kwamba dini yetu inatufundisha kuondoa udhia njiani, na ni sadaka.

Akanitazama. "Udhia ni mti uliokuwepo, au dishi lililokuja kuukuta mti?"

"Dada, ni kwa ajili ya mguu wako."

"Mguu ni wangu? Na miti ni ya nani? Mume wangu alipokufa, nani alinilishia watoto? Wewe? Ulikuwa unaleta dua. Korosho ndizo zilizoleta unga."

Ilikuwa kweli.

"Hebu niambie, mwalimu," akaendelea. "Huko chuoni kwako, mtoto akishindwa kukufuata, unakata nini? Unamkata masikio? Unakata mti ulio dirishani?"

"Napunguza mwendo."

"Basi nenda kawaambie wapunguze mwendo. Na karatasi yako uichane kabla ya magharibi."

Nilirudi zahanati nimeinamisha kichwa. Fundi alikuwa anakunywa uji kwa muuguzi. Nikaketi karibu naye nikamuuliza kama chombo kile hakiwezi kwenda taratibu hewa inapochafuka. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Shehe, chukulia mawimbi ni magunia ya korosho," akasema. "Hewa ikiwa safi, kila gunia tunalishindilia. Tunatia alama nyingi, safari moja inabeba mzigo mkubwa. Ikichafuka, alama zikiwa nyingi zinabanana, anayepokea anachanganya hii na ile. Kwa hiyo tunatia chache, zilizoachana nafasi. Halafu tunaongeza nyingine za ushahidi, ili moja ikipotea njiani aijue kutokana na zilizobaki."

"Na mnajuaje kwamba hewa imechafuka?"

"Upande wa pili unatuambia, tena kila mara. Nakupata vizuri, nakupata kwa shida. Chombo kinasikia, kinabadilika chenyewe."

"Mwanafunzi anarudisha."

"Eeh, anarudisha."

"Na chombo chetu hiki hakijui kufanya hivyo?"

Akaangalia mlangoni kwanza. "Kinajua. Kimefungwa. Ofisi imekifunga kwenye kasi ya juu kabisa. Usinichome, shehe."

Nikamuuliza sababu. Alisema mkataba wao unataja ile kasi ya juu. Chombo kikishuka chini yake, ripoti inaandika mstari mwekundu, na mstari mwekundu ni aibu ya ofisi. Lakini kikikatika kabisa kwa sababu ya miti, ripoti inaandika neno moja, kizuizi, na kizuizi si kosa la ofisi. Ni kosa la mti.

Nilimwomba Mungu msamaha kwa yaliyonijia mdomoni, nikayameza. Karatasi niliichana mbele yake. Akasema itabidi aripoti kwamba nimekataa, na bosi wake atakuja mwenyewe Jumatatu kuchukua vyombo. Nikamwambia akija atanikuta.

Basi ndiyo Jumatatu niliyokuwa juu ya boksi.

Pikapu ilifika kama saa tatu. Msimamizi alikuwa mtu mzima, mpole wa sura, shati limenyooshwa. Fundi alishuka nyuma yake na ngazi, akakwepa macho yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba utupishe hapo tufanye kazi."

"Fanyeni. Mimi nimekaa tu."

"Umekalia kazi yenyewe, mzee. Na ulisaini, baadaye ukachana karatasi."

"Nilisaini mti usio wangu. Mwizi akirudisha alichoiba mnamlaumu?"

"Lakini shamba si lako?"

"Shamba langu. Miti ni ya yule anayekuja."

Dada alikuwa anakuja kwa mkongojo, ndala mguu mmoja, bendeji mguu wa pili, nyuma yake muuguzi akimsihi apunguze haraka. Msimamizi alimwangalia, akaniangalia. "Miti bila ardhi? Inawezekanaje?"

"Hata kwetu iko hivyo, bosi," fundi akasema taratibu.

Dada akasimama mbele ya msimamizi akampima juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Nilidhani anayetaka kuiangusha mikorosho minne ni jitu. Kumbe hata embe bovu haliangushi."

Muuguzi akageuka ukutani kuficha kicheko.

"Mama," msimamizi akasema, "sisi tunataka kukusaidia. Unachagua miti kuliko mguu wako?"

"Nani kakuambia nachagua? Mguu wangu na mikorosho yangu, vyote navitumia."

Nilimwambia msimamizi jambo langu bila kuzunguka. Nilisema chombo chenu kina akili mliyoifunga kamba. Mnataka kiseme kwa haraka au kinyamaze. Sisi hatujaomba haraka. Picha ya mguu ikichukua nusu saa kufika, ni picha ile ile. Akanijibu kwamba mimi si mtaalamu, na mfumo una viwango vyake. Nikasema ni kweli si mtaalamu, lakini nimewahi kupeleka majina ya dawa kwenye hewa chafu kuliko hii, na hakuna mgonjwa aliyepewa pamba badala ya kwinini.

"Mzee, nitawaita viongozi wa kijiji."

"Waite. Mwenyekiti nilimfundisha mimi, alikuwa mzito sana. Mwenyewe atakueleza nilikwendaje naye."

Hapo mvua ikashuka. Ilitoka upande wa Kinjumbi, ikapita juu ya mikorosho kwa kishindo, wote wakakimbilia chini ya upenu. Mimi boksi langu lilikuwa chini ya upenu tayari, sikuhitaji kusogea. Dada akajibanza kando yangu. Pikapu ikaanza kuzama kwenye tope, na ilikuwa wazi kwamba hakuna anayeondoka wala anayepanda paa mpaka mvua ikatike.

Muuguzi akasema, "Nina picha ya mguu wa bibi tangu saa mbili. Haijaenda. Na ukingo wa kidonda umebadilika rangi, mimi sijui ni dalili nzuri au mbaya."

Sote tukamtazama fundi. Hata dada.

Fundi akamgeukia bosi wake. "Bosi, niifungue ile kasi dakika kumi tu. Mvua yenyewe hii. Ikishindikana, naling'oa mimi kwa mikono yangu."

Msimamizi aliitazama mvua, akautazama mguu wa dada. "Dakika kumi," akasema.

Fundi akachuchumaa karibu na boksi, kompyuta juu ya magoti. Niliona vidole vyake, sikuona kingine nilichokielewa. "Imeshuka," akasema. "Imeshuka tena."

"Unaona?" msimamizi akasema. "Inaanguka."

"Haianguki, bosi. Inatafuta pa kusimama."

Ikasimama. Kisha upepo ukavuta matawi, ikapanda mbio, na ilipopanda tu ikakatika. Ikawa hivyo mara tatu. Fundi akauma mdomo. Alieleza kwamba matawi yanatikisika upesi kuliko habari inavyorudi. Habari ikifika kwamba hewa ni nzuri, hewa yenyewe imeshaharibika, na chombo kinaenda kwa kuamini ya zamani.

Nilimjua mtoto huyo. Kila chuo kinaye. Unamuuliza "umesikia?" naye anaitikia "naam" macho yakiwa nje, na naam yake ni ya aya iliyopita.

"Huyo usimwamini kwa naam moja," nikamwambia fundi. "Akikosea, rudi nyuma papo hapo. Kupanda, usipande mpaka amerudisha sawasawa mara nyingi."

Akanitazama. "Kushuka haraka, kupanda polepole."

"Ndivyo tunavyofanya."

"Ipo, shehe. Pana mahali pa kuiandika hiyo." Akaandika.

Mvua ilikuwa bado inapiga. Muuguzi alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili kama anayeshika yai. "Inaondoka," akasema. Kisha: "Robo."

Nikaanza kuvuta tasbihi. Msimamizi alikuwa ametazama saa yake, dakika kumi zilikuwa zimepita. Akaifunika kwa mkono wa shati. Nilimshukuru kwa hilo, na ninamshukuru mpaka leo.

"Nusu."

"Wametuma kidole gumba au wamefika kisigino?" dada akauliza.

"Nyamaza, bibi, usiitishe!"

"Mimi naiombea."

Ilipofika yote, muuguzi alikaa chini sakafuni. Majibu yalikuja baada ya muda, maneno matupu, na maneno hupita hata kwenye hewa mbaya. Alitusomea kwa sauti. Daktari alisema ile rangi ni nyama mpya. Kidonda kinafunga. Aendelee na dawa ile ile, abadilishe namna ya kufunga bendeji, na atume picha nyingine ya upande.

Nilisema alhamdulillahi nikashindwa kuimaliza. Dada hakulia. Alimwambia muuguzi, "Nipige na wa kushoto, usije ukaona wivu."

Mvua ilipokatika, msimamizi hakuigusa ngazi. Alikwenda kwenye pikapu akarudi na karatasi nyingine, iliyosema kijiji kimekubali kupokea huduma iliyo chini ya kiwango. Akaomba nisaini, ili apate la kuonyesha ofisini. Nilimwambia maneno yale siyasaini. Tukabishana kidogo, bila ukali, sote tumechoka. Mwisho nikachukua kalamu, nikaandika pembeni kwa herufi zetu za Kiarabu, kwa Kiswahili, kisha nikasaini chini ya maandishi yangu mwenyewe.

"Umeandika nini?" akauliza.

Nikamsomea: "Hatukukubali upungufu. Tumekataa kukatwa."

"Mikorosho umeitaja?" dada akauliza.

"Bado, dada."

"Muombe kalamu tena."

Nikaiomba, nikaongeza, na msimamizi akasimama ameishika karatasi mbele ya kifua mpaka wino ukauke.

Dishi bado liko juu ya paa. Kiangazi linakwenda mbio, masika linakwenda kama mtu anayevuka mto kwa fimbo. Dada anatembea kwa miguu yake miwili. Masika yaliyopita fundi alinipigia simu, tukatukanana kwanza kama watani, kisha akasema, "Shehe, mstari wenu huku ofisini bado ni mwekundu."

"Alhamdulillahi," nikamwambia.

Dada alikuwa kando yangu anabangua korosho, mguu wa kulia ameunyoosha juani. Aliuliza anasema nini huyo Mmakonde wako. Nikamweleza.

"Mwambie," akasema bila kuinua kichwa, "wakiichoka nyekundu watafute rangi nyingine. Sisi hatuhami."